Kompresa ni Sehemu ya Breki
Barua ya wazi kwa wenye mabasi na malori wa Kanda ya Ziwa

Igogo, Mwanza

Ndugu wenye mabasi na malori,

Mimi ni fundi wa breki za upepo hapa Igogo. Magari yenu nayajua kwa namba za usajili kuliko ninavyowajua ninyi kwa sura, kwa sababu gari huletwa na dereva, fedha hutumwa kwa simu, na maelezo hupitia kwa msimamizi ambaye naye anaulizwa gari litarudi lini kwenye zamu. Ujumbe wangu hauenei kwenye simu ya namna hiyo. Nimeona niuandike.

Ninachoomba ni hiki. Gari likiletwa gereji kwa sababu upepo unajaa taratibu, acheni kutuagiza tukwangue masizi ya kompresa kwa saa mbili tatu, gari lirudi barabarani. Na mafundi wenzangu mnaosoma, tuache kukubali. Kazi hiyo inataka siku nzima. Mara nyingi inataka bomba jipya. Zaidi ya yote inataka mtu atafute oili imepitaje hadi ikafika isikotakiwa, kwa sababu masizi ni matokeo tu. Ukiyatoa ukaacha chanzo, yanarudi, na yakirudi yanakuta vali zimeshachoka.

Kwenye daftari za matengenezo za kampuni nyingi, kompresa huandikwa upande wa injini, pamoja na pampu ya maji na altaneta. Kwa hiyo inahesabiwa ni kitu cha kusubiri: injini inawaka, gari lina nguvu, basi liende, kompresa tutaiangalia kwenye ovahoo. Lakini basi kubwa halisimamishwi na mguu wa dereva. Mguu unafungua njia tu. Kinachosukuma breki kwenye kila tairi ni upepo uliobanwa na kompresa ukahifadhiwa kwenye mitungi chini ya gari. Kompresa iliyoziba ni breki iliyoanza kufa, hata kama lainingi za breki ni mpya na ngoma zimetoka kuchongwa jana.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana bila hilo ombi langu litaonekana ni ubishi wa fundi anayetafuta posho ya siku nzima. Kompresa imefungwa ubavuni mwa injini. Ina pistoni yake, ringi zake na vali zake. Inazungushwa na injini, inalainishwa na oili ile ile ya injini, na nyingi zinapozwa na maji yale yale ya radieta. Inavuta hewa iliyopita kwenye ea klina, inaibana hadi baa 8 au zaidi, kisha inaisukuma kwenye bomba la delivari kwenda kwenye draya inayokausha hewa na kwenye mitungi. Hewa ikibanwa inapata moto. Kompresa ikifanya kazi kwa nguvu, hewa inayotoka kwenye hedi yake inaweza kukaribia nyuzi joto 200.

Hakuna kompresa ya aina hii isiyopitisha oili kabisa. Kiasi kidogo hupenya kwenye ringi na kupanda juu pamoja na hewa. Kidogo hicho hakina neno iwapo kompresa inapata mapumziko: mitungi ikijaa, gavana inaikata, pistoni inaendelea kupanda na kushuka bila kubana, na hedi inapoa. Kwa gari la safari ndefu, kompresa nzima haitakiwi kuwa inabana zaidi ya robo ya muda ambao injini inawaka. Ikibana nusu ya safari, au safari yote kwa sababu upepo unavuja mahali fulani, hedi haipoi tena. Ile oili kidogo inaungua kwenye vali na mdomoni mwa bomba, inaganda kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni, safu juu ya safu. Tundu la bomba linapungua. Hewa inalazimishwa kupita penye nafasi ndogo, inazidi kupata moto, na oili inazidi kuungua. Kuanzia hapo tatizo linajikuza lenyewe, kila safari ikiliongeza kidogo.

Nilifungua Fuso moja lililokuwa limetoka Bariadi na mzigo wa mbegu za pamba. Malalamiko ya dereva yalikuwa mafupi: asubuhi lazima apige resi muda mrefu ndipo taa ya upepo izime. Nilifungua koki ya mtungi wa kwanza, yakatoka maji mazito ya rangi ya kahawia yenye povu, oili na maji vimechanganyika. Tulipotoa bomba la delivari, upande wa kompresa, mahali ambapo kidole kidogo cha mkono kingeingia bila shida, msumari wa inchi tatu uliingia kwa kusukumwa. Ndani kulikuwa na gamba jeusi linalong'aa, gumu, limeshika chuma. Kwenye hedi, kile kibati chembamba cha vali ya kutolea upepo kilikuwa kimesimama nusu wazi, kimezuiwa na punje ya kaboni ndogo kuliko punje ya mtama. Punje hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikirudisha hewa ya moto kwenye silinda kila pistoni iliposhuka, ikabanwa tena, ikachemka tena. Dereva alisimama pembeni akiangalia. Akasema kumbe ndiyo maana siku hizi hata draya inatema mafuta.

Kusafisha hedi ya namna hiyo kuna adabu yake. Unaweka vizuizi kwenye tairi, unatoa upepo wote kwenye mitungi mpaka mshale wa geji ulale sifuri, unatoa maji ya radieta yaliyo juu ya usawa wa kompresa. Unatia alama kila kipande kabla ya kukitoa, kwa sababu vibati vya vali vikigeuzwa upande havikai tena sawa kwenye viti vyake. Kaboni unailoweka, unaiacha ilegee, ndipo unaikwangua kwa kipande cha shaba au cha mti mgumu. Bisibisi si chombo cha kazi hii. Mkwaruzo mmoja kwenye uso wa hedi, kati ya tundu la upepo na tundu la maji, unatosha kuharibu gasketi mpya. Baada ya wiki upepo unaingia kwenye maji, radieta inatokota povu, na mwenye gari anaambiwa silinda hedi ya injini imekufa, wakati injini yake ni nzima kabisa. Kostiki soda, ambayo baadhi yetu tunaipenda kwa kuwa inakula masizi haraka, inakula aluminiamu vilevile, na hedi nyingi za kompresa ni za aluminiamu.

Sasa niseme kuhusu petroli, na hapa naomba mafundi vijana mnisikilize kwa makini. Nimeona vipande vya kompresa vikioshwa kwenye beseni la petroli, vikapulizwa juu juu, vikafungwa, injini ikawashwa. Mvuke wa petroli unaobaki kwenye pembe za hedi na ndani ya bomba unakutana na hewa iliyobanwa na joto nililolitaja. Hivyo vitatu, mvuke, hewa na moto, vikiwa ndani ya chuma kilichofungwa, ni mlipuko unaosubiri. Mafuta ya taa nayo si salama yakiachwa ndani. Osheni kwa maji ya moto na sabuni, kausheni vizuri, pakeni oili safi kidogo, ndipo mfunge. Kama kipande kimelowekwa kwenye dizeli ili gamba lilegee, kisifungwe kabla ya kuoshwa kwa sabuni na kukauka.

Wanaofanya kazi melini wanalijua hili kuliko sisi wa barabarani. Sisi wa Igogo tunaishi na sauti za bandari na karakana za meli, na injini kubwa za meli huwashwa kwa hewa iliyobanwa, kwa mgandamizo wa baa 25 hadi 30, mkubwa kuliko wa breki zetu zote. Mwaka 1960, kwenye meli ya abiria ya Uingereza iliyoitwa Capetown Castle, mlipuko kwenye mfumo wa hewa ya kuwashia injini uliua mabaharia 7. Oili iliyojikusanya kwenye mabomba ya hewa ndiyo hatari ambayo wahandisi wa meli wanafundishwa kuiogopa tangu siku ya kwanza. Mfumo wetu ni mdogo, lakini kanuni ni ile ile: oili haitakiwi kukaa mahali penye hewa ya moto.

Bomba ndilo tunalogombana juu yake zaidi na wasimamizi wenu. Hedi ikishasafishwa, naomba bomba jipya la delivari, naambiwa lichomwe. Kuchoma ni kuliweka bomba kwenye moto wa mkaa au wa gesi mpaka liwe jekundu, kisha kuligonga kwa nyundo ili magamba yatoke. Magamba makubwa yanatoka, ni kweli, na yanaridhisha macho yakimwagika chini. Yanayobaki ndiyo mabaya: yamelegezwa na moto, hayajatoka, na safari ya kwanza upepo unayasukuma hadi kwenye draya, kwenye gavana, kwenye vali za breki ambazo njia zake ni nyembamba mno. Bendix, kampuni ya Marekani inayotengeneza breki za upepo, inaelekeza kwamba gamba likizidi milimita 1.6 ndani ya bomba, bomba libadilishwe. Haielekezi lichomwe. Bei ya bomba ukiilinganisha na bei ya kompresa, achilia mbali bei ya draya na vali zote za nyuma, haifai hata kujadiliwa kwa simu. Na likibadilishwa, lipangwe literemke kutoka kwenye kompresa bila kulegea katikati, maana penye bonde ndipo maji na oili hutuama.

Halafu ndipo inakuja kazi ambayo karibu kila mara hatupewi muda wa kuifanya: kutafuta chanzo. Ninyi mnaopitisha magari kwenye barabara za vumbi za Simiyu na Geita mnajua ea klina inavyojaa. Dereva anaitoa, anaipuliza, anairudisha, anaipuliza tena mwezi ujao, mpaka karatasi inachoka. Ea klina ikiziba, kompresa inavuta hewa isiyopatikana, na pale hewa inapokosekana inavutwa oili kutoka chini kupitia kwenye ringi. Unaweza kununua kompresa mpya kabisa ukaifunga nyuma ya ea klina iliyoziba, na ndani ya miezi michache ukairudisha kwangu na masizi yale yale.

Maji nayo. Gari likijazwa maji matupu ya kisima au ya bomba, bila kulanti, kutu inaanza, na njia za maji za kompresa ni nyembamba kuliko za injini, kwa hiyo huziba mapema. Geji ya dashibodi inasema injini imepoa. Hedi ya kompresa inaungua bila geji yoyote kuisemea. Nikifungua kompresa nikakuta tope la kutu kwenye njia ya maji, huwa sihitaji kuuliza swali jingine.

Lakini chanzo ninachokutana nacho zaidi ni kuvuja. Dayaframu ya chemba imechanika kidogo, nipo ya bomba imelegea, kiungo cha trela kinapumua, na kwenye mabasi kuna milango, kuna belo za suspensheni, kuna viti vya upepo, na kuna honi. Naipenda honi ya basi inayoimba ikiingia mjini, watoto wa Mkuyuni wanaikimbilia barabarani na mimi mwenyewe hugeuka kuangalia. Ila kila kitu kilichoongezwa kwenye mitungi baada ya gari kutoka kiwandani kinaongeza kazi ya kompresa, na kama kimeungwa vibaya kinavuja mchana na usiku. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni, kiungo kimoja baada ya kingine, chini ya gari, mtu amelala chali. Hakuna njia ya mkato, na hapo ndipo saa zenu zinapokwenda.

Nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika hadharani. Breki za upepo zilibuniwa na George Westinghouse kwa ajili ya treni, akapata hataza yake ya kwanza mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaziboresha ziwe na kinga: upepo ukipotea, breki zishike zenyewe. Kwenye malori na mabasi yetu kinga hiyo ni ile springi kubwa iliyo ndani ya chemba za nyuma. Upepo ukiwepo, springi inabanwa na gari linatembea. Upepo ukishuka mno, springi inaachia na kushika tairi. Kwa hiyo gari lenye kompresa iliyoziba linafanya linachotakiwa kufanya: linagoma kuondoka, au linaburuta breki likiwa njiani. Linajikataza lenyewe.

Na sisi tunafanya nini? Tunachukua bolti ya kubania springi, ile iliyowekwa na mtengenezaji kwa ajili ya kuvuta gari lililoharibika hadi gereji, tunaikaza, springi inarudi nyuma, tairi zinaachia, gari linaenda kupakia. Nimekuta malori yenye chemba mbili zimebanwa hivyo na bolti zimeshika kutu, maana yake zilikaa muda mrefu. Nimekuta hosi ya breki ya tairi moja imekunjwa na kufungwa kwa waya ili isivujishe upepo wa tairi zilizobaki. Gari la namna hiyo lina kompresa isiyojaza, halina breki ya dharura, halina handbreki, na tairi mojawapo haishiki kabisa. Linapita hapa Igogo mbele ya shule, soko na kituo cha daladala, na kwa macho ya mpita njia ni gari zima.

Litazameni gari hilo likitoka Singida kuja huku, linapoanza kushuka mlima Sekenke. Dereva anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Kila akiachia, upepo uliotumika unatoka nje, na mitungi inatakiwa ijazwe upya. Kompresa nzima inarudisha kilichotumika. Iliyoziba inarudisha nusu, na kama dereva ameachia gari fri ili kuokoa dizeli, injini inazunguka kwa sailensa na kompresa inazunguka kwa mwendo huo huo mdogo. Mshale unashuka. Mlio wa tahadhari unalia, kama haujakatwa waya. Hapo springi za chemba zingetakiwa kumwokoa, nasi tumeshazibana.

Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni nje ya Arusha, lori lililoelezwa kupoteza breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Sihukumu gari lile wala siliweki kwenye habari ya kompresa. Ninachosema ni kwamba baada ya kila ajali ya namna hiyo tunasikia breki zilifeli, na habari inaishia hapo. Breki za upepo huwa hazifi kwa ghafla. Kabla hazijafa zimeshatoa dalili kwa wiki na miezi: koki inatema mafuta, taa inachelewa kuzima, draya inapumua kila dakika. Dereva anaziona. Anaziripoti kwa msimamizi. Ninaomba mjiulize ripoti hizo zinafika wapi.

Maana madereva, ndugu zangu, mimi siwalaumu kwa hili. Dereva anayeleta gari kwangu anaogopa mambo mawili: mteremko, na simu ya tajiri. Siku gari likilala gereji, hesabu haipo na posho yake haipo. Akisisitiza sana ataambiwa kuna vijana wengi wenye leseni wanasubiri usukani. Kwa hiyo ananiambia, fundi, nisaidie nifike tu. Na mimi nimewahi kuona mafundi wazuri, kwa huruma, wakimsaidia mtu kufika kwa njia ambayo ingeweza kumzuia asifike popote.

Muda wenyewe umebadilika, nalo niliseme. Zamani mabasi yalikatazwa kusafiri usiku. Abiria walichoshwa na utaratibu huo, lakini kwetu usiku ulikuwa wa matengenezo: basi linaingia jioni, linalala, fundi anaingia chini. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku na mchana, na nimefurahi kwa ajili ya wasafiri na biashara. Sasa basi linashusha abiria stendi ya Nyegezi alfajiri na jioni lipo tena barabarani kuelekea Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,100. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata ile foleni ya kivuko iliyompa dereva wa lori nafasi ya kushuka, kufungua koki na kusikiliza gari lake, haipo tena. Hakuna anayetaka foleni irudi. Ila mapumziko yale yalikuwa yakitokea yenyewe bila mtu kuyapanga, na sasa hayatatokea mpaka ninyi myapange. Wekeni siku ya upepo kwenye ratiba ya kila gari, kama mnavyoweka siku ya kumwaga oili.

Kuna kipimo kisichohitaji mtambo wowote, ni geji ya dashibodi na saa ya simu. Nchini Marekani dereva wa gari kubwa anafundishwa kukifanya: injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi, upepo unatakiwa upande kutoka PSI 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45. Kwa geji za baa ni kutoka kama 5.9 hadi 6.9. Kisha anazima injini, anaachia breki tairi zikiwa zimewekewa vizuizi, anaangalia mshale: gari lisilo na trela halitakiwi kupoteza zaidi ya PSI 2 kwa dakika, lenye trela PSI 3. Dereva wenu anaweza kukifanya kila Jumatatu akaandika namba hizo kwenye kitabu cha safari. Sekunde zikianza kuongezeka wiki hadi wiki, bomba limeanza kuziba, na hapo bado ni kazi ya siku moja na bomba moja.

Kwa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na kwa Kikosi cha Usalama Barabarani, ambao najua barua hii itawafikia, nina ombi fupi. Kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani mnakagua magari na kuyabandika stika, na kazi hiyo naiheshimu. Mnaangalia tairi, taa, wipa, mtungi wa zimamoto, mnamwambia dereva akanyage breki. Naomba muongeze mambo matatu kwa gari lenye breki za upepo: pimeni sekunde za kujaa, fungueni koki ya mtungi wa kwanza muone kinachotoka, na inameni nyuma muangalie kama kuna chemba iliyobanwa kwa bolti. La tatu halihitaji utaalamu wowote, ni tochi tu. Likionekana, gari lisiondoke hapo hata kama stika imeshaandaliwa.

Kwenu wenye magari, utaratibu wa siku ya upepo mnaweza kuuanza mwezi ujao na bomba mnaweza kuliagiza wiki hii. Jambo la springi, hata hivyo, halingoji. Kabla hamjalala leo, mpigieni kila dereva mmoja mmoja, mumuulize swali moja: je, kuna chemba imebanwa? Mwambieni mapema kwamba akijibu ndiyo hatafukuzwa. Na kama jibu ni ndiyo, aegeshe penye tambarare, aweke vizuizi kwenye tairi, asubiri fundi hapo alipo.

Wenu katika kazi,
Fundi wa breki za upepo,
Igogo, Mwanza